Nimemrekodi bibi hadithi, akipaza sauti inapasuka. Hizi 44.1, 48, 96, biti 16 na biti 24 ndo nini hasa?

Binti wa Pangani

Habari zenu wakuu, naombeni msaada manake nimekwama na sitaki kuharibu mara ya pili. Bibi yangu yuko Pangani, ana miaka themanini na kitu, ni mtu wa ngano haswa, wale ambao hadithi moja inakula saa nzima na nyimbo zake humohumo. Nikajipinda nikanunua maiki ya kondensa na intafesi ndogo ya matundu mawili (kile kiboksi cha kuunganisha maiki na kompyuta), laptopu ninayo, nikaweka Audacity, programu ya kurekodi, Jumamosi iliyopita nikaenda kumrekodi.

Kabla ya kuanza nilimwambia bibi ahesabu moja mbili tatu nikapandisha geini (kile kitufe cha kukuza sauti inayoingia) mpaka kipimo kikawa kinagusa nyekundu, kwa sababu mjomba wangu ambaye zamani alikuwa anarekodi kwaya kwa mkanda aliniambia sauti ukiijaza mpaka juu ndo inakuwa nzito, ukirekodi chini inakuja na mvumo. Bibi kaanza vizuri, sauti ya chini ya kuongea. Afu akapaza PAUKWA, na wajukuu wote PAKAWA, na mimi nikawa nimesahau kabisa mambo ya kipimo naitikia na wao.

Jioni nasikiliza, kila paukwa inapasuka kama spika iliyochanika, na pale bibi anapomwigiza fisi anacheka ni mikwaruzo mitupu. Nimepunguza volumu kwenye programu, mkwaruzo uko palepale ila mdogo. Nikayavuta yale mawimbi niyaone kwa karibu, vichwa vyote vimekatwa bapa. Halafu sauti inatoka sikio la kushoto tu, na projekti ya dakika 50 imevuka GB 1. Chini ya programu naona imeandikwa 44100 na 32-bit float, kwenye intafesi naweza kuchagua 48 au 96, sijui nichague ipi. Naombeni mnieleze kuanzia mwanzo, sio niambiwe bonyeza hapa tu, nataka nielewe manake bibi hatarudia kila wiki.

Prodyuza wa Chumbani

Pole sana dada. Weka 96 na biti 24 utaona sauti inalainika, hiyo 44.1 ni ndogo ndo maana inakwaruza. Na chumba pia kiangalie, kama ni nyumba ya bati na sakafu ya saruji sauti inarukaruka ukutani, tundika blanketi na godoro moja nyuma ya bibi, zima feni, hapo hata maiki ya bei rahisi inakusikiliza.

Baharia wa Tanga

Ya chumba nakubaliana nayo mia kwa mia ila hiyo ya 96 itampoteza dada, mkwaruzo wake hauhusiani na 44.1 kabisa. Ngoja nieleze kwa kitu ambacho mtu wa Pangani anakiona kila siku, maji kujaa na kupwa.

Chukua mti wa mita 4, uuchore alama, uusimamishe pale mtoni karibu na baharini. Maji yanapanda yanashuka bila kusimama, na wewe kazi yako ni kuyaandika kwenye daftari. Huwezi kuandika kila sekunde, so unachagua muda, labda kila nusu saa unaenda unasoma maji yako alama ya ngapi unaandika namba. Daftari lako halina maji ndani yake, lina namba tu, ila mtu akizichukua zile namba akaunganisha kwa mstari anapata maji yalivyokwenda siku nzima. Basi rekodi ya dijitali ni daftari hilo. Maiki inageuza mtikisiko wa hewa kuwa umeme unaopanda na kushuka, intafesi ndani yake ina kifaa kinachosoma ule umeme na kuandika namba, kinasoma mara 44,100 kwa sekunde moja. Hiyo ndo 44.1, yaani elfu 44.1, na 48 na 96 nazo ni maelfu hivyohivyo, ni mara ngapi unaenda kusoma mti. Hakuna zaidi ya hapo.

Sasa kwa nini nyingi hivyo? Ukisoma mara chache sio kwamba unapata picha hafifu tu, unapata picha ya UONGO. Kutoka maji kujaa mpaka kujaa tena ni kama saa 12 na dakika 25. Sema wewe mvivu, unasoma saa 12 asubuhi na saa 12 jioni basi. Kila ukienda maji yamechelewa dakika 25 kuliko safari iliyopita, so daftari lako litaonyesha maji yanapanda pole pole kwa wiki nzima na kushuka wiki nzima, mzunguko mmoja kama siku 15. Mtu asiyeijua pwani akisoma daftari atakuambia Pangani maji hujaa mara mbili kwa mwezi! Na hakuna namba hata moja uliyokosea. Kwenye sauti inatokea hivyohivyo, mlio mwembamba sana ukisomwa mara chache unageuka mlio mwingine mzito ambao haukuwepo chumbani, na ukishaingia kwenye namba huutoi tena. Kanuni yake ni kwamba kila mzunguko mmoja usomwe zaidi ya mara mbili. Sikio la binadamu linasikia kuanzia mitikisiko 20 kwa sekunde mpaka 20,000 hivi, na hiyo ya juu ni ya kijana, mtu mzima inapungua. Mara mbili ya 20,000 ni 40,000, ongeza nafasi kidogo juu ndo hizo 44,100.

Hiyo nafasi ya juu ina kazi. Wanaopima maji kitaalamu hawaachi mti wazi, wanasimamisha bomba lenye tundu dogo chini, maji yanaingia pole pole, viwimbi vya boti ikipita havitikisi kipimo kilichoko ndani ya bomba. Intafesi nayo ina bomba lake, chujio linalozuia milio ya juu kuliko inavyoweza kusomwa, na chujio haliwezi kukata ghafla kama kisu, linahitaji mteremko.

Biti sasa. Biti ni alama za mtini. Mti wenye alama kila mita moja utaandika 1, 2, 3, utapoteza kila kilichoko katikati. Biti 16 maana yake mti una alama 65,536. Ule mti wetu wa mita 4 ukiugawa hivyo, nafasi kati ya alama na alama ni nyembamba kuliko karatasi ya daftari. Biti 24 ni alama 16,777,216, hapo hata pumzi ya bibi kabla hajaanza kuongea inapata namba yake. Kila biti moja inakuongezea kama desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kati ya sauti kubwa kabisa na ile ndogo inayozama kwenye mvumo, so 16 inakupa kama 96, na 24 kwa hesabu ni 144 japo hakuna kifaa kinachozifikia zote, vingi vilivyo vizuri vinaishia 120 hivi.

Na mkwaruzo wako dada uko hapa: mti una mwisho. Maji ya bamvua yakipita kichwa cha mti wewe utaandika mita 4, yakizidi tena utaandika mita 4, yakiendelea mita 4. Ndo hivyo vichwa bapa ulivyoviona. Wimbi la sauti ya bibi lilitakiwa liwe na kichwa cha msonge limekuwa paa la tembe. Kupunguza volumu baadaye ni kuishusha nyumba nzima, tembe litashuka likiwa tembe.

Mzee wa Mikanda

Baharia umefundisha vizuri sana. Mwanangu, mjomba wako hakukudanganya, amekupa ushauri wa mtambo mwingine. Nimefanya kazi ya kurekodi kwa mkanda miaka mingi kwenye redio, nikueleze kilichokuwa kinatokea.

Mkanda una mvumo wake wa kuzaliwa, ule ssshhh, upo hata kama hakuna anayeongea. Ukirekodi sauti chini, siku ya kuirusha ukaipandisha, ule mvumo unapanda nayo. Kwa hiyo tulikuwa tunaisukuma sauti juu ili mvumo ubaki chini yake. Na sindano ya kipimo ikiingia nyekundu kidogo mkanda haukukati, unabana. Sauti inaminywa taratibu, inajaa, wanamuziki wengine walikuwa wanaomba kabisa tuisukume, ngoma inapendeza. Sifuri ya ile sindano haikuwa mwisho wa kitu chochote, juu yake kulikuwa na uwanja wa kutosha.

Kwenye kompyuta sifuri ni kichwa cha mti wa Baharia. Hakuna kubanwa wala kuminywa, imeisha. Ndiyo maana namba zote za kile kipimo ni za kutoa, -6, -12, -20, unahesabu umbali uliobaki mpaka kichwa. Na kwa kuwa kwenye biti 24 mvumo uko chini sana, ile sababu yetu ya kusukuma imekufa. Mimi mwenyewe ilinichukua muda kuzoea, mkono ulikuwa unakwenda kwenye kitufe wenyewe.

Nakuomba uendelee na kazi hiyo. Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu, na wenzake walivuka bahari mpaka Bombay mwaka 1928 ndipo sauti zao zikaingia kwenye santuri, na mpaka leo tunazisikia. Bibi yako unamrekodi akiwa amekaa kwenye mkeka wake mwenyewe.

Prodyuza wa Chumbani

Shikamoo mzee. Baharia nimekuelewa kwenye bapa, hapo nilikosea, ila kwenye 96 bado. Ukisoma mara nyingi zaidi si mstari unakuwa laini zaidi? Mimi nimeona ile michoro sauti ya dijitali iko kama ngazi, 44.1 ngazi kubwa, 96 ngazi ndogondogo.

Baharia wa Tanga

Hiyo michoro ndo imewachanganya watu wengi. Namba ni nukta tu, ngazi haitoki kwenye spika. Kifaa kinachorudisha namba kuwa umeme nacho kina chujio lake, na kinachotoka ni mstari laini. Na kuna jambo zuri hapa: kama ulichuja vizuri kabla ya kusoma, basi kati ya zile nukta unapita mstari MMOJA tu usiokuwa na viwimbi vya juu kuliko kiwango, hakuna mwingine. Sio kukisia. Harry Nyquist aliligusa jambo hili mwaka 1928 akishughulika na telegrafu, na Claude Shannon akaliweka kihesabu vizuri mwaka 1949. So 96 haikulainishii sauti ambayo 44.1 tayari imeishika yote, inakuongezea milio ya juu ya 20,000 ambayo bibi haitoi na wewe huisikii. Wanaotaka kuivuta sauti na kuigeuzageuza kwa ajili ya filamu wana sababu zao, kwa ngano ya bibi ni kujaza diski tu.

Kwa wanaojiuliza mbona 44,100 isiwe 44,000 au 45,000, ile namba ilitoka kwenye mashine za kanda za video. Miaka ya 70 mwishoni hakukuwa na mahali pa bei nafuu pa kuhifadhi namba nyingi hivyo, wakawa wanaziandika kwenye kanda ya video kama picha, namba 3 kila mstari, mistari 245, mara 60 kwa sekunde. Zidisha mwenyewe. Na kwa video za Ulaya ni 3 mara 294 mara 50, inakuja hiyohiyo. Sony na Philips walipotoa CD mwaka 1982 wakabaki nayo. 48,000 ndo ya mambo ya video, kama unafikiria siku moja kuweka picha ya bibi pamoja na sauti chukua hiyo.

Fundi Mitambo

Nakuongezea ya mikono dada manake elimu umepata.

Kwanza kushoto tu: una maiki moja kwenye tundu la kwanza na programu umeiambia stereo, yaani inachukulia tundu la kwanza ni kushoto la pili ni kulia, la pili halina kitu. Rekodi mono. Mtu mmoja anayeongea hana haja ya stereo na faili linakuwa nusu. Ile ulokwisha rekodi igawanye tu ubakize upande wenye sauti hujapoteza kitu.

Pili hiyo 32-bit float iache hapo hapo haina ubaya, ila usije ukadanganywa kwamba ukiwa nayo sauti haipasuki. Hiyo ni namna programu inavyotunza namba ndani ya kompyuta, ni daftari kubwa. Mti wako uko kwenye intafesi na mti ni wa biti 24, maji yakipita kichwa yamepita, daftari kubwa halisaidii, utaandika bapa kwenye daftari zuri. Intafesi zenye uwezo wa float kuanzia kwenye kusoma zipo, ila hiyo utakuwa umeisoma kwenye boksi.

Tatu geini, na hapa ndo ulipokosea, hukutakiwa kupima na moja mbili tatu. Hakuna mtu anayehadithia kwa sauti ya kuhesabia. Mwambie bibi apige PAUKWA ya nguvu yake yote, acheke fisi, aimbe ule wimbo anaopanda juu, na wewe geini iweke mpaka ile kubwa kabisa iishie kwenye -12 hivi. Ataongeza tu akishapandwa na hadithi, akifika -6 bado uko salama. Maongezi ya kawaida yatakuwa yanachezea -25 mpaka -20 na utaona mawimbi madogo kwenye skrini, usiogope usiguse, kwenye biti 24 hizo biti tatu nne za juu ulizoziacha tupu hazikupunguzii kitu unachosikia, mvumo wa chumba chako ni mkubwa kuliko mvumo wa mashine. Baadaye utaipandisha yote kwa pamoja kwenye programu.

Maiki iweke shubiri moja na nusu kutoka mdomoni, iwe pembeni kidogo isiangaliane na mdomo, zile P za PAUKWA ni upepo mtupu, zikigonga kondensa zinapiga bumu ambalo si la geini hata ushushe vipi. Na wajukuu wakae nyuma ya maiki, kama maiki yako inasikia mbele tu kama nyingi zilivyo basi wataingia chini ya bibi na ndo inapendeza. Ile fantomu ya volti 48, yaani umeme ambao intafesi inaipelekea maiki ya kondensa, washa baada ya kuchomeka waya sio kabla.

Ukubwa wa faili usikutishe fanya hesabu: 48,000 mara baiti 3 ni baiti 144,000 kwa sekunde, dakika moja ni MB 8.6, saa nzima kama MB 520. Flashi ya GB 32 inabeba masaa 60. Hifadhi WAV, faili lisilobanwa, au FLAC ambayo inabana mpaka karibu nusu bila kutupa chochote, ukiifungua namba zote zinarudi vilevile. MP3 ya kuwatumia ndugu sawa, ila MP3 inatupa vitu ambavyo sikio halivitambui sana na havirudi, usiifanye ndo kumbukumbu. Na usimrekodi kwa voisi ya WhatsApp ukasema inatosha, ile imebanwa sana kwa ajili ya kusafiri kwenye bando.

Binti wa Pangani

Shikamoo mzee, na ahsanteni wote, nilirudi Pangani jana.

Nimefanya mono, 48, biti 24. Bibi alivyoambiwa apige paukwa ya nguvu kabla hata ya hadithi akasema paukwa haipigwi bure, so ikabidi wajukuu waitwe wakae kweli ndo akapiga tatu. Mwanzo kitufe cha geini kilikuwa kimeelekea kama mshale wa saa unapoonyesha saa 9 mchana, nimekishusha mpaka kama saa 6 na nusu mchana hivi, kubwa yake ikaishia -11. Nilitundika blanketi na kanga nne mlangoni, feni nimezima, jogoo nilishindwa kumzuia.

Mawimbi yalikuwa madogo kwenye skrini nikawa na wasiwasi saa nzima sikugusa kitu. Kilele cha juu kabisa ni -5, pale fisi anaponaswa. Nimepandisha jioni nikavaa hedifoni, nasikia bangili za bibi zinagongana anapoinua mkono, nasikia anavyovuta pumzi kabla ya wimbo. Mara ya kwanza hivi vyote havikuwepo, au vilikuwepo vimefunikwa sijui.

Ila kuna jambo. Hadithi ni ileile lakini sio ileile. Jumamosi ile fisi alichomoka akakimbilia porini na bibi akamwimbia wimbo wa kuondoka, jana fisi kanaswa na huo wimbo haukuimbwa kabisa. Nikamuuliza akasema inategemea nani kakaa mbele. So ile rekodi iliyopasuka siwezi kuitupa, wimbo wa kuondoka uko mle tu. Kuna namna yoyote ya kuiponya hata kidogo?

Fundi Mitambo

Usiitupe kabisa. Audacity ina kitu kinaitwa Clip Fix, inaangalia mteremko kabla ya bapa na baada ya bapa inachora kichwa kinachofanana. Ni kukisia, kile kilichokuwepo hakirudi, ila mpasuko wa muda mfupi unapungua sana, ule mrefu wa kicheko cha fisi sikuahidi. Teua palipopasuka tu, sehemu fupi fupi, usiipitishe kwenye faili zima. Ushushe sauti kwanza kama desibeli 10 ili kichwa kipya kipate pa kusimama. Na fanya kwenye nakala, faili mama liache lilivyo.

Mzee wa Mikanda

Na mwanangu, mwanzoni mwa kila faili taja kwa sauti yako tarehe, mahali, jina la hadithi na nani waliokaa mbele. Bibi amekwambia mwenyewe kwamba hilo linabadilisha hadithi.